Bosi, Tujaze?

Hivi jamani, kuna mtu ameshawahi kuitwa "mheshimiwa" akiwa na elfu ishirini tu mfukoni? Mimi huitwa. Kila nikiingia sheli. Kijana wa pampu akiliona hili gari langu kubwa la juu linakata kona anaanza kukimbia kabla sijasimama, ananielekeza kwa mikono miwili, njoo, njoo, hapo hapo mheshimiwa, keshafungua kifuniko cha tenki, kesharudisha pampu kwenye sifuri, halafu anauliza kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara: "Bosi, tujaze?"

Tenki lenyewe linabeba zaidi ya lita 80. Nikisema tujaze, ada ya mtoto wa pili imeingia humo, na sare zake, na viatu. Kwa hiyo nashusha kioo kidogo, nasema taratibu, "Weka ya ishirini." Ananitazama mimi. Analitazama gari, kuanzia tairi mpaka kwenye kerea la juu. Ananirudia mimi. "Ishirini... lita?" Elfu, mdogo wangu. Elfu ishirini. Hapo ndipo mwenye bebi woka, yaani kigari kidogo, aliye nyuma yangu anapotoa kichwa dirishani, maana pampu imelia kidogo tu na kunyamaza, anadhani umeme umekatika. Mshale wa mafuta hauamki. Taa ya njano nikishuka mlima inazima, nikipanda inawaka, basi tunaishi hivyo hivyo.

Na usiniambie habari ya kubana matumizi. Gari lina tani mbili kasoro. Kwenye foleni ya Mbezi linakwenda kilomita sita kwa lita, saba siku ambazo trafiki ameamka vizuri. AC naiwasha nikiwa na mgeni. Watu wengine wanasubiri mwisho wa mwezi, mimi nasubiri Jumatano ya kwanza, siku ambayo EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wanatangaza bei kikomo za mafuta. Fununu zikisema bei inapanda, Jumanne usiku utanikuta kwenye foleni ya sheli nimekunja uso pamoja na wenye malori, naenda kuweka ya ishirini kabla ya ishirini haijawa ndogo zaidi.

Mwaka 2017 serikali ilifuta ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, ikaihamishia kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 kwa kila lita. Watu walishangilia sana. Hesabu yake ni nyepesi, anayekunywa zaidi ndiye anayelipa zaidi. Jirani yangu mwenye kigari cha cc 990 analipa leseni yake kwa kunusa. Yangu mimi nailipa kila asubuhi, nikiwa nimesimama foleni pale pale, sijafika popote.

Mtauliza, sasa ulilinunua la nini? Barabara! Ninyi hamkuijua barabara ya kwetu, huku Goba ndani ndani, kwenye vilima. Masika ikishika, udongo ule unateleza mpaka mbuzi wanapanga njia nyingine. Wenye magari madogo walikuwa wanayalaza kwa mama muuza mkaa, pale lami inapoishia, halafu wanapanda mlima kwa miguu, suruali imekunjwa, viatu mkononi, laptopu kichwani. Nikasema mimi hapana. Nikaingia mkopo wa kazini, nikatafuta gari la juu, fobaifo, yaani linalovuta kwa tairi zote nne, nikalipata kwa mtu. Namba C, yaani lilisajiliwa siku nyingi. Kampuni siitaji, kwa sababu walioliunda kule Japani hawana kosa lolote, wao waliliunda likiwa jipya. Wenzetu wa Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii nchini mwao. Sisi linaingia, ila unalipia na uchakavu wake, yaani linapozidi kuchoka ndipo ushuru unapozidi kunona. Yule aliyeniuzia alinikumbusha ushuru huo mara nyingi sana, na kila akinikumbusha bei ilikuwa inakaa mahali pake.

Masika ya kwanza nilitamba. Napanda mlima dirisha wazi, nawapungia mkono majirani wenye viatu mkononi, nawapakia, nawashusha getini kwao, nasikia "Mungu akubariki baba Neema" mpaka nafika kwangu.

Kiangazi kilichofuata wakaleta lami.

Sipingi maendeleo. Nasema tu, barabara hii ilikaa miaka yote tangu niwe mpangaji huku ikiwa mashimo matupu, ikasubiri nisaini mkopo. Sasa hivi bebi woka zinapanda ule mlima zimefunga vioo, AC imewashwa, muziki laini, na wenyewe wakinipita wananipungia mkono vile vile nilivyokuwa nawapungia.

Halafu fundi ananiambia ile gia fupi ya pembeni, yenye maandishi ya 4H na 4L, ya kuamsha tairi zote nne zivute, inatakiwa itumike angalau mara moja kwa mwezi. Isipotumika, oili ya ndani haizunguki, vyuma vinakauka, siku ukiihitaji inagoma. Sawa, nitaitumia. "Lakini usiitumie kwenye lami kavu, bosi." Kwa nini? Kwa sababu tairi za mbele na za nyuma zikikata kona hazizunguki sawa, na kwenye lami hakuna pa kuteleza, basi mzigo wote unaishia kwenye gia na propela. Kwa hiyo kila mwezi mimi, mtu mzima, nazunguka kutafuta tope. Nimeshaingia mpaka kwenye saiti ya mtu anayejenga, mlinzi akanijia na rungu. Nikamwambia nafanyia gari mazoezi. Akaniambia hata yeye ana ndugu ambaye alianza hivyo hivyo.

Na tope nikilipata naliogopa. Hilo watu hawalijui. Siku moja mvua kubwa, bondeni maji yamekata barabara, magari yamejipanga. Ghafla wakaniona. Wakaanza kunipisha! Walionitangulia wanasogea pembeni, honi zinapigwa, wengine wameshuka na miamvuli: "Muacheni bosi apite kwanza, tuone kina." Mimi ndiye rula ya wilaya. Sasa injini ikivuta maji kwa njia ya hewa, maji hayabanwi kama hewa, konirodi inapinda, na hapo hununui spea, unanunua injini. Nikasimama. Honi. Nikajifanya naongea na simu. Dogo mmoja wa bodaboda akapita katikati ya maji, miguu juu, abiria kabeba trei ya mayai. Halikuvunjika hata moja. Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Tuje kwenye oili. Binadamu wa kawaida mwenye gari la kawaida ana oili ya injini na oili ya gia boksi, basi, anaendelea na maisha yake. Mimi nina oili ya injini, ya gia boksi, ya transifa, ya difu ya mbele, ya difu ya nyuma. Kisha kuna ya breki, ya stelingi, na grisi ya kupigwa kwenye kroosi za propela. Nyumbani kwangu mafuta ya kula tunapima kwa kijiko, chini ya gari kuna maduka matano. Fundi akilala huko chini na kipande chake cha boksi, nasikia tu sauti: "Bosi." Akiniita bosi kwa sauti ya chini namna hiyo, najua ni laki. "Bosi, bushi zimeisha. Na hii boljointi inacheza. Na stabilaiza linki. Shokapu hii ya kulia imelia." Imelia! Mimi hapa nimesimama sijalia, shokapu imelia.

Nikimwuliza kwa nini vinaisha pamoja, ananijibu kwa upole wa daktari anayetoa majibu: "Gari kubwa, bosi. Lina uzito." Kana kwamba mimi ndiye niliyelinenepesha.

Basi spea. Gari linapandishwa juu ya mawe pale chini ya mwembe, tairi imetolewa, na mimi natumwa Gerezani, Kariakoo, kutafuta aamu ya chini. Lazima uende na ya zamani mkononi, kwa sababu magari mawili ya aina hii yanaweza kufanana kila kitu, yakapishana mwaka mmoja, na tundu la bolti likakataa. Kwa hiyo nitazameni: kutoka Mbezi mpaka Kimara kwa daladala, Kimara napanda mwendokasi la Gerezani, nimevaa shati la kazini, nimekumbatia chuma chenye grisi kilichofungwa gazeti. Basi linateleza kwenye njia yake, nje naona magari ya juu yamekwama kwenye foleni, wenyewe wamekunja uso, na kwa mara ya kwanza mwezi mzima nawahi mjini. Dada mmoja akanisogezea kiti. Alidhani nimebeba mguu wa ng'ombe.

Dukani wanakuuliza swali moja: "Unataka orijino mpya, mtumba ya Japani, au hii nyingine?" Hii nyingine haina jina, ina bei tu, na inang'aa kuliko zote. Mtumba ya Japani ina kutu na ni ghali, na muuzaji anaipiga piga kwa spana uisikie inavyolia, sijui ikilia vibaya nitajuaje. Nauliza bei, anatazama chuma nilichobeba, anakijua ni cha gari gani, ananitazama tena kwa heshima mpya. Bei inapanda mbele ya macho yangu. Nilifika kwa mwendokasi, nina jasho, nina grisi mpaka kidevuni, lakini chuma kimeshanisema.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Oili ningeivumilia. Ila tangu nimiliki hili dude, hakuna aliyenitajia bei ya kweli. Fundi bomba akilikuta uani, koki ya elfu nane inakuwa na "ufundi wake". Mama wa mchicha anafunga fungu, anachungulia ngazi ya gari, anafungua, anapunguza majani mawili. Kwenye grupu za michango ya harusi jina langu wanalipanga juu kabla sijaahidi, na pembeni wameshaandika kiasi. Nikituma kidogo katibu ananipigia: "Kaka, hii ni ya kutangulizia, sio?" Msafara wa send-off unatakiwa uwe na gari la juu, basi naitwa mimi. Mgonjwa usiku, mimi. Mashimo yaliyobaki mtaani ni ya mimi kwenda kuyapima. Wenye send-off wanarudisha gari limejaa maua ya plastiki na gundi, tenki limebaki harufu.

Tairi nisizitaje. Haya, nizitaje kidogo. Moja ikipasuka huwezi kununua moja, maana zote nne zinatakiwa zilingane, la sivyo difu zinagombana. Na pale ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukisoma 2314, hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Nilimwonyesha muuzaji mmoja tarakimu hizo, akaniambia kwa utulivu kwamba hiyo ni namba ya simu ya kiwandani.

Hata kuosha. Bei ya gari kubwa, kibao kiko ukutani. Lakini yule dogo anayeosha ni mfupi na stuli yao ina mguu mmoja mbovu, kwa hiyo juu ya paa hafiki. Gari linang'aa pande zote nne, kule juu pana vumbi la tangu nasaini mkopo. Nikishika breki ya kwanza tu, uji mwekundu unashuka taratibu kwenye kioo cha mbele, nawasha waipa, naupaka vizuri upande mpaka upande.

Sasa mama Neema ameshaanza wimbo wa Desemba. Kwao ni Moshi, na Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, hilo huwezi kulipinga. "Baba Neema, mwaka huu si tunaenda na gari letu? Mama akuone umefika na usafiri wako." Nimefanya hesabu ya kilomita mia tano na kitu kwenda, nyingine kurudi, na kule kijijini kupanda na kushuka kuwapeleka mashangazi sokoni, maana wakiliona limesimama mgombani halilali. Ni tenki zaidi ya moja. Tenki zima, siyo ya ishirini.

Nimemwambia tutapanda basi, gari wakati huo litakuwa gereji. Kaniuliza nitajuaje mapema hivi kwamba litaharibika Desemba. Nikamwambia fundi amesema. Fundi sijaongea naye bado, ila jana nilipita pale chini ya mwembe, sikusimama hata, nikamwona anainama kulitazama huku chini, kisha akatikisa kichwa.