Muflisi apewe ufunguo wa kasha la marehemu?

Juzi barazani hapa Langoni, Lamu, tumebishana mpaka ghahawa ikapoa vikombeni. Kisa chenyewe, kuna mzee ameandika wasia akamtaja mpwa wake awe msimamizi wa mirathi, na huyo mpwa alikopa pesa za mashini ya boti, samaki wakawa wa kubahatisha, deni likamlemea mpaka koti ikamtangaza muflisi. Sasa mjomba akifa, huyu atashika mali?

Kwa sheria ya Kenya jibu ni fupi. Cap 160, yaani Sheria ya Urithi, kifungu cha 56, hati ya usimamizi (ile karatasi ya koti ya kuruhusu mtu kushika mali ya marehemu) hapewi mtoto, asiye na akili timamu wala muflisi. Wasia wenyewe haufi, koti inampa hati mtu mwingine na mambo yanaendelea. Uingereza wao hawajafunga mlango hivo, muflisi anaweza, ila koti ikiona hafai inamruka.

Wanaomtetea mpwa wanasema kufilisika si wizi, bahari haikumpa tu, tena mali ya marehemu si yake kwa hivo wanaomdai yeye hawana haki ya kuigusa. Na kwa fiqhi, sheria ya Kiislamu, muflisi huzuiwa kwenye mali yake mwenyewe, wasii, yaani aliyetajwa kwenye wasia asimamie, anaangaliwa akili na uaminifu. Hoja nzito hiyo, maana kwa Waislamu Cap 160 inaingia kwenye usimamizi tu, na hapo pia isipogongana na sheria ya Kiislamu (kama hiki kifungu kinagongana au la, mawakili watakula hapo).

Basi mzee mmoja fundi wa majahazi akatoa funguo mfukoni akaitupa mkekani, akasema, "Hii ya duka la marehemu, kodi yaingia kila mwezi, na mwenye kukudai ameketi mlangoni kwako. Utamwambia nini?" Watu kimya. Na kweli, madeni ya marehemu yanalipwa kabla mrithi hajaona shilingi, yaani pesa zote zinapita mkononi mwa huyu mtu mmoja na mwenye mali yuko kaburini hawezi kuuliza hesabu.

Mimi niko na huyo fundi lakini nusu, kwa sababu sheria inamnasa aliyetangazwa peke yake, na yule anayedaiwa kila duka, simu imejaa mikopo, ila hajapelekwa kotini bado, anapita vizuri tu na kwangu huyo ndo wa kuogopwa zaidi maana bado anaficha. Muflisi wa koti mji mzima wamjua, na kwa sheria ya ufilisi ya 2015 kawaida miaka 3 tangu apeleke hesabu zake anakuwa huru. Mjomba angeongeza tu jina la pili kwenye wasia, hati inaweza kupewa mpaka watu 4, huyu akizuiwa yule yupo.

Mpwa mwenyewe nasikia ashamuomba amtoe. Mjomba kakataa.