Saikolojia ya sheria Ujerumani: uzamili maalumu au wa jumla?

Nafasi za uzamili wa saikolojia Ujerumani ni haba, na vyuo vingi huzigawa hasa kwa alama za shahada ya kwanza. Anayetaka saikolojia ya sheria, yaani ile inayotumika mahakamani na magerezani, ana njia mbili: agombee programu chache zenye jina hilo, au asome uzamili wa jumla kisha abobee.

Wanaotetea programu maalumu wana hoja nzito. Kupima maelezo ya shahidi si kazi ya kuokoteza ofisini. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Shirikisho ya 30 Julai 1999, mtaalamu huanza kwa kudhani maelezo si ya kweli, na huiacha dhana hiyo pale tu isipolingana tena na yaliyokusanywa. Akiruka hatua hiyo, wakili wa utetezi ataipangua ripoti yote.

Lakini jina la shahada silo linalofungua mlango wa mahakama. Sheria ya 2016 kuhusu wataalamu wa kesi za watoto inataka sifa ya taaluma, saikolojia ikiwemo. Haidai uzamili wa saikolojia ya sheria. Tena baadhi ya programu hizo ni za walio kazini: zinataka uzoefu, kwa kawaida usiopungua mwaka mmoja, na zina ada. Leseni ya kutibu nayo haimo. Kwa anayeanza sasa, hiyo hupitia uzamili wa kliniki uliowekwa na sheria iliyoanza kutumika Septemba 2020. Kwa hiyo uzamili wa jumla wenye upimaji wa kisaikolojia wa kutosha ndio salama zaidi, isipokuwa labda kwa aliyekwisha kuajiriwa gerezani.

Kwa mhitimu wa Tanzania, kanuni ya kubadili alama kuwa za Kijerumani ni nyepesi kuliko inavyotisha. GPA ya juu ikiwa 5.0 na ya kufaulu 2.0, toa GPA yako kwenye 6: 4.4 inakuwa 1.6, na 3.5 inakuwa 2.5. Kule 1.0 ndiyo bora, hivyo 2.5 ina kazi ngumu.

Hata hivyo, wengi huangushwa na krediti kabla alama hazijatazamwa. Takwimu na upimaji zikipungua, ombi halifiki kwenye ushindani. Ambatisha maelezo ya kila kozi pamoja na saa zake, maana “Psychology II” kwenye transkripti haimwambii mkaguzi kitu. Na Kijerumani usikikwepe kwa programu ya Kiingereza: ripoti ya mahakama huandikwa kwa Kijerumani.