Sato wangu kapanda boda

Jamani mimi sijui nani alianzisha haya mambo ya hoteli kufungia watu chakula na kukipeleka kwa boda ila akipatikana naomba niachiwe naye dakika tano tu. Jana nimefunga cherehani yangu hapa Makoroboi, Mwanza, saa saba mchana, njaa inauma mpaka tundu la sindano silioni, nikasema leo michembe ya kwenye kopo basi, leo nakwenda kukaa hotelini. Hoteli gani sisemi, pilipili yao nzuri na bado nitarudi.

Kukaa kulikuwa na raha yake bwana. Unaingia, dada anakuja na birika na beseni, unanawa taratibu huku unachungulia sahani za wenzako nani kaagiza nini, kisha analetwa sato mzima mkia unaning'inia nje ya sahani, ugali wa moto unafuka, na pembeni yako kuna mtu humjui mnabishana Simba na Yanga mpaka anaondoka hujamuuliza hata jina.

Sasa jana nafika, meza zilikuwa nane zimebaki mbili, na moja imepangiwa makontena ya kufungia chakula mpaka karibu na dari. Vijana wa boda wamejaa mlangoni na helmeti zao utadhani kuna msafara wa kiongozi. Nikavuta kiti nikakaa. Wote wakanigeukia kama nimekaa juu ya kaburi la mtu.

"Mzee unabeba?"

Kwanza hiyo mzee tuiache. Nikamwambia dada sibebi, nakula hapahapa. Akaenda kumuuliza bosi kama inaruhusiwa! Akarudi na kikaratasi, namba 37, nilipe kwanza kwa lipa namba. Nikalipa. Nikaomba maji ya kunawa nikapewa tishu.

Halafu nikaona wanavyomfunga sato, jamani. Kontena fupi samaki mrefu, kwa hiyo anakunjwa, mkia unarudishwa juu kama pindo la suruali, mimi fundi nimeumia kitaaluma. Ugali unavikwa foili unaanza kutoka jasho humohumo. Mwenzake sangara tulishamzoea, minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa, lakini sato alikuwa wetu, wa kukaa naye mezani, leo na yeye kawa msafiri.

Mwaka 2019 rambo zilipopigwa marufuku nilifurahi peke yangu mtaa mzima, nikajua watu watakosa cha kubebea watarudi kwenye viti. Thubutu.

Nikamuuliza bosi mbona viti umetoa. Hakunificha. Akasema mzee, wewe ukija unakunywa chai moja masaa mawili, unamaliza vijiti vya meno, unaazima chaja, yule anayeagiza akiwa Nyegezi analipa kabla hajamuona samaki na hajui hata feni yangu imeharibika. Nikakosa jibu, maana chaja yenyewe ndo nilikuwa najiandaa kuiomba.

Basi nikangoja. 34, 35, 36, "thelathini na saba!" nikainuka nikijifuta mikono, kufika kaunta kijana mmoja wa boda keshabeba kaondoka. Sato wangu huyo barabarani kuelekea Buzuruga! Mtu wa Buzuruga kaagiza ndizi na maharage leo anakula sato wangu, na hakupiga simu kusema wamekosea, na mimi ningekuwa yeye nisingepiga.

Dada akasema usijali baba, (angalau mzee imeisha) tunakutengenezea mwingine, ila mfumo haukubali oda ya pili bila deliveri, tupe namba yako ya simu na lokesheni.

Nikamwambia lokesheni yangu ni hiki kiti.

Akaandika. Naapa aliandika. Dakika arobaini baadaye simu inaita, namba ngeni, "hallo mzee nina mzigo wako hapa, upo upande gani?" Nikageuka nikamuona kijana kasimama mlangoni hatua nne kutoka kwangu, simu sikioni, ananitafuta barabarani. Nikampungia mkono. Akaja, akaniwekea kontena mezani, sato kakunjwa vilevile, akabaki amesimama.

"Nauli elfu mbili mzee."