DJ, yale "makelele" ya katikati ndiyo wimbo wenyewe

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye usiku wa zilipendwa, ile ya bustanini, watu wa umri wangu mimi, vitambi mbele, mishkaki inafuka, kila mtu anajifanya bado ana kiuno cha mwaka 1990. DJ hakuwa mbaya, nisimsingizie. Alianza na Al Green, akaja na Bill Withers, watu wakanyanyuka. Halafu kikaanza kile kinanda. Mnakijua, ile Rhodes inayotembea taratibu kama mtu mwenye ndoo ya maji kichwani, nikasema eeh, huyu kijana leo katuheshimu, kaweka Living for the City ya Stevie Wonder, na kaweka ile ndefu ya kwenye albamu, nikaacha hata chupa yangu mezani nikaenda kusimama karibu na spika.

Dakika ya nne hivi, pale sauti ya basi la abiria inapoingia, akaikata. Akasema kwenye maiki "tusichoshane jamani", akaingiza disko.

Nikamfuata. Kwa heshima kabisa, nikamuuliza mdogo wangu mbona umeikata? Akanijibu bila hata kuvua hedifoni sikio la pili: "Braza, pale katikati si makelele tu? Watu wanaongeaongea, ving'ora. Pale hamna mtu anacheza."

Makelele. Nimelala na hilo neno siku tatu sasa.

Innervisions, albamu yenye wimbo huo, imetoka tarehe 3 Agosti 1973, Stevie ana miaka 23. Mimi kwenye miaka 23 nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba na najificha mwenye nyumba akipita. Huyu mwenzangu miaka miwili nyuma yake mkataba wake wa utotoni na Motown, kampuni iliyokuwa inamtolea nyimbo, ulikuwa umeisha, akawagomea kusaini hivihivi, akaingia na wakili wake Johanan Vigoda wakatoka na mkataba unaomruhusu kurekodi anachotaka yeye, si wanachotaka mabosi. Kisha akajifungia studio na wale jamaa wawili, maprodyusa Margouleff na Cecil, wenye lile lidude lao TONTO, sinthesaiza kubwa kama makabati ya nguo yaliyopangwa nusu duara, waya kila mahali, ukiliona picha yake utadhani ni chumba cha mitambo cha meli. Kwenye Living for the City kila kitu unachosikia kapiga yeye. Ngoma yeye, Rhodes yeye, besi ya sinthesaiza ya Moog yeye, mpaka makofi. Mtu haoni, yuko peke yake chumbani, anajipigia makofi.

Sasa sikilizeni huo wimbo unavyojengwa, maana hapa ndo hasira zangu zilipo. Beti za mwanzo hazina haraka. Kuna mtoto kazaliwa Mississippi, kuta nne mbovumbovu. Baba kuna siku anapiga kazi masaa 14 na dola anaiona kwa mbinde. Mama anasugua sakafu za watu. Dada, nguo zake kuukuu lakini hazina uchafu hata chembe, na inabidi aamke alfajiri maana shule anakwenda kwa miguu. Kaka ana akili, ana subira, lakini subira inaelekea kuisha maana kazi hapati, pale kwao mtu mweusi haajiriwi. Hiyo nguo kuukuu lakini safi, jamani. Mtu ambaye hajawahi kuona nguo yake kwa macho kaweza kuniambia familia hiyo ni ya namna gani kwa mstari mmoja tu, na hapo hajalalamika, hajahubiri, anaimba tu vizuri na watu wanatikisa vichwa. Ukiwa huna habari unaweza kucheza. Na ndo mtego wenyewe huo! Unacheza, unafurahi, unaletewa familia ya watu uwapende.

Halafu basi linakuja. Kondakta anaita abiria wa New York. Kijana anashuka, anashangaa maghorofa, sauti yake imejaa furaha mpaka inatia aibu, sauti ya mshamba ambaye kila mmoja wetu aliyewahi kushuka stendi na begi la rambo anaijua. Mtu anamwita, ndugu yangu hebu nivushie hiki hapo ng'ambo ya barabara. Kumbe ni madawa. Sekunde chache tu, ving'ora. Hakimu, miaka kumi. Mlango wa chuma, na askari anamsukuma ndani huku anamwita lile neno la kuwatusi weusi. Imekwisha. Haizidi dakika mbili, na maisha ya yule mtoto tuliyemlea kwa beti zote zile yameisha.

Mnajua kijana huyo ni sauti ya nani? Calvin, kaka yake Stevie wa damu. Na hakimu ni yule yule wakili Vigoda. Nachekaga hapo kila siku, wakili kampa bosi wake uhuru kwenye mkataba halafu kamfunga kaka wa bosi miaka kumi.

Baada ya mlango kufungwa muziki unarudi, ila mwimbaji si yule. Sauti imekwaruza, imechacha, kama mtu aliyelala nje. Na inasemekana hawakumwachia aigize, wale maprodyusa walikuwa wanamkatishia tepu makusudi, arudie, arudie tena, chai anaomba hapewi, mpaka akakasirika kweli na koo likakauka. Ukatili kidogo, sikatai. Lakini hasira unayoisikia pale ni hasira ya mtu aliyenyimwa chai, siyo ya kwenye makaratasi. Sasa wewe DJ ukikata kabla ya basi, hiyo sauti ya pili inakuwa imetoka wapi? Umetupa familia, umetupa kinanda, umeondoka na msiba. Ni kama mtu kukusimulia ajali halafu anaishia pale gari lilipokuwa linapakia abiria.

Na tusidanganyane kwamba ile miaka kumi ni chumvi za msanii. Mei 1973, miezi mitatu kabla albamu haijatoka, gavana wa New York, Nelson Rockefeller, alisaini zile sheria zake za madawa, ukikamatwa unauza aunsi mbili tu za heroini, uzito wa yai moja la kuku, adhabu inaanzia miaka 15 inakwenda mpaka maisha. Zikaanza kutumika Septemba, yaani albamu ina mwezi mmoja tu madukani. Sisemi wimbo uliandikwa kwa ajili ya sheria hizo, nasema Stevie alikuwa mpole kuliko gavana. Zikaja kulegezwa 2004, na makali yenyewe yakakatwa 2009. Hesabu mwenyewe vijana wangapi walishashuka kwenye basi hapo katikati.

Isitoshe mama yake Stevie, Lula Mae, ni mzaliwa wa Alabama aliyepanda kwenda kaskazini kama mamilioni ya weusi wa kusini walivyofanya, na mtoto akamzalia Saginaw, Michigan. Hiyo stori ya basi ni ya nyumbani kwao, siyo ya kuokota gazetini.

Haya, najua kuna mtu keshaanza kuandika kwenye koment "lakini hata kampuni yenyewe iliikata". Ndiyo. Ile santuri ndogo ya redioni ilikatwa ikabaki dakika tatu na kidogo, basi hakuna, hakimu hakuna, na ikapanda mpaka namba 1 kwenye chati ya R&B, namba 8 kwenye ile chati kubwa ya nyimbo zote. Nakubali, na nakubali kwa shingo upande, kwamba bila kukatwa pengine redio zisingeigusa. Lakini redio ya 1973 ilikuwa na matangazo ya sabuni inabidi yaingie, wewe bustanini saa tano usiku ulikuwa unawahi nini?

Nyimbo nyingine nitapita haraka maana leo sina kesi nazo. Too High ni ya madawa na ina kwaya tamu mpaka unasahau kwamba yule dada anakufa. Visions ni gitaa na pumzi tu, msiisikilize mkiwa na njaa. Higher Ground kila mtu anaijua, mtu anashukuru kupewa nafasi ya pili duniani, na siku tatu tu baada ya albamu kutoka, tarehe 6 Agosti, Stevie akapata ajali North Carolina, gari walilopanda likagongana na lori la magogo, akapoteza fahamu siku kadhaa, na Ira Tucker Jr., mtu wake wa karibu, akawa anamwimbia wimbo huo huo sikioni hospitali mpaka vidole vikaanza kucheza. Sina la kuongeza hapo. Jesus Children of America inahubiri kidogo. All in Love Is Fair naruka, nisameheni, wanaoachika waisikilize. Na He's Misstra Know-It-All wengi wanasema ni Nixon, rais wa Marekani wa wakati huo, mimi kila nikiisikia namwona jirani yangu mmoja.

Wimbo huu mimi nilikutana nao kwa baba mdogo, Magomeni, kwenye kaseti ya TDK ya dakika 90, upande mmoja Innervisions nzima, upande wa pili Mlimani Park. Ilishawahi kutafunwa, kwa hiyo ilikuwa na mkunjo, na pale penye mkunjo sauti inazama kama mtu kachovya kichwa kwenye pipa, tukawa tunaizungusha kwa kalamu ya Bic ikae sawa. Baba mdogo alikuja mjini kwa treni kutoka Tabora akiwa na miaka 17. Kiingereza chake kilikuwa cha "yes" na "no", cha pili akikitumia zaidi. Beti zile hakuwa anazijua hata moja. Lakini basi likifika alikuwa anaacha anachofanya, hata kama ana kijiko mdomoni, na mlango wa chuma ukigonga anasema, kila siku, sauti ile ile: "Wameshamla huyo." Halafu anaendelea kula. Hakuna aliyemtafsiria. Makelele ndiyo yalimtafsiria.

Sasa niwape mwisho wa ile Jumamosi. Nilitoka pale nimenuna, nikachukua bajaji, nikamwomba dereva anipe blutuuthi ya redio yake nimalizie wimbo wangu kwa amani. Akanipa. Tukaanza mwanzo kabisa, kinanda, baba, mama, dada, kijana wa watu dereva anapiga vidole kwenye usukani anafurahi. Tukafika kwenye basi. Ving'ora vilipolia akatazama kioo cha pembeni, akakata mwendo, akaingiza bajaji kando ya barabara, akazima injini na kuanza kupapasa mfukoni kutafuta leseni.