Hela ya mtoto na mwezi wa Aprili

Mpagazi wa Moshi, anayebeba mizigo ya watalii Kilimanjaro, akiacha kutuma hela ya matunzo ya mtoto mwezi Aprili, anaitwa mkaidi. Huenda ni mkaidi kweli. Ila Aprili ni masika, wageni wa mlimani ni wa kuhesabu, na aliyezoea 20,000 kwa siku anaweza kumaliza mwezi bila safari hata moja.

Upande wa mama hauna utata: mtoto haachi kula masika, na michango ya shule haingoji watalii.

Tatizo ni amri za mahakama za matunzo zinazoandikwa kana kwamba kila mzazi ana mshahara. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haina asilimia wala kiwango cha taifa. Kifungu cha 44 kinamtaka hakimu atazame kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine ambao mlipaji anawajibika kuwatunza, na gharama za maisha za eneo analoishi mtoto. Hakuna kinachomzuia kupanga matunzo kwa msimu.

Chukua amri ya 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000 kwa mwaka. Baba akitoa 100,000 kuanzia Juni hadi Oktoba na Desemba hadi Februari, kisha 40,000 Novemba, Machi, Aprili na Mei, jumla inabaki 960,000. Mtoto hapunjwi, na malimbikizo hayaanzi.

Mama atauliza, na ana haki: kwa hiyo mimi ndiye benki? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Ndiyo maana mpango uanze Juni. Akiweka kando ile 20,000 ya ziada, kufikia mwisho wa Februari, baada ya kufidia Novemba, atakuwa na 120,000, pengo kamili la masika. Ukianza Machi, anaanza na njaa.

Wababa wengi wanajiharibia kwa kunyamaza. Amri haijibadilishi yenyewe. Mvua ikinyesha, deni linaendelea kuhesabiwa. Ombi la kurekebisha lipelekwe mahakamani kabla ya masika, pamoja na ratiba ya safari kutoka kampuni na taarifa ya miamala ya simu ya mwaka mzima. Makubaliano ya kwa ofisa ustawi wa jamii yanasaidia, lakini hayafuti amri iliyokwisha kutolewa.

Na hela isipelekwe mkononi, hata kama mama anakaa nyumba ya pili. Itumwe kwa simu, kwa namba ileile kila mwezi. Gunia la mahindi lililoshushwa mlangoni bila maandishi, mbele ya hakimu ni maneno matupu.