Tusisifu udogo wa chembe tu, tuulize ni uso upi

Kila ninaposoma makala ya Kiswahili kuhusu nanoteknolojia nakuta sifa ile ile: chembe ni ndogo mno, eneo la uso ni kubwa, basi kazi inafanyika vizuri. Si uongo, lakini maelezo hayo yanawanyima wanafunzi wetu utamu wenyewe wa somo. Chembe mbili za kitu kimoja, zenye ukubwa sawa, zinaweza kupishana sana kwa nguvu ya kemikali kwa sababu tu zimetoa nje nyuso tofauti za fuwele, yaani kitu kigumu ambacho atomi zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia.

Ushahidi wangu mkubwa ni chuma. Urea anayomwaga mkulima shambani huanzia kwenye amonia, na amonia hutengenezwa kwa kukutanisha naitrojeni na haidrojeni juu ya kichocheo cha chuma. Kinachochelewesha kazi ni kuivunja molekuli ya naitrojeni, kama alivyoonyesha Gerhard Ertl wa Ujerumani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2007. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kundi la Gabor Somorjai huko Berkeley, Marekani, lilikata fuwele za chuma kwa pembe mbalimbali na kupima amonia inayozalishwa na kila uso. Uso unaoitwa (100), namba za mabano zikitaja pembe ya ukataji, uliushinda uso (110) mara 25. Uso (111) uliushinda huo huo (110) mara 418! Chuma ni kile kile. Kwenye (110) atomi zimebanana; kwenye (111) zimeachana, na gesi inazifikia hata atomi za safu za chini. Seremala hatashangaa, maana anajua kichwa cha ubao hunywa rangi kuliko ubavu wake.

Mtu atauliza: kwa nini basi tusikuze chembe zenye uso wenye nguvu zaidi ya kemikali peke yake? Kwa sababu fuwele haikubali kirahisi. Uso wenye nishati kubwa hudaka atomi mpya upesi, husonga mbele kwa kasi, na kadiri unavyosonga ndivyo unavyozidi kuwa mwembamba hadi unatoweka. Zinazobaki ni nyuso zinazokua polepole, zile tulivu. Georg Wulff aliliandika jambo hili kwa hesabu mwaka 1901, na hadi leo mkuzaji wa chembe nano anapambana nalo.

Njia ya kulikwepa ni kuufunika uso unaoutaka wakati fuwele inakua. Mwaka 2008 Hua Gui Yang na wenzake, huko Queensland, Australia, walifanya hivyo kwa anatasi, aina mojawapo ya oksidi ya titani. Kwa kawaida zaidi ya 94% ya uso wa fuwele yake ni (101), ulio mtulivu. Wao walitumia asidi ya haidrofloriki, florini ikaushika uso (001) na kuutuliza, wakapata fuwele ambazo 47% ya uso wake ni (001). Kazi ya kupendeza, ingawa asidi hiyo hupenya ngozi na kushambulia kalsiamu mwilini, na singependa kuiona katika maabara isiyo na vifaa kamili vya kujikinga.

Wengi walishangilia wakidhani uso wenye nishati kubwa lazima uwe hodari zaidi wa kuchochea mmenyuko chini ya mwanga. Mwaka 2011 watafiti, baadhi yao wa kundi lile lile, walizisafisha fuwele hizo florini na kulinganisha upya: (001) ukawa nyuma ya (101). Tokeo hili nalithamini kuliko lile la kwanza. Linatulazimisha kupima kila uso ukiwa safi, kwa mmenyuko unaohusika, badala ya kukisia kutokana na nishati.

Na hatuhitaji maabara ya mamilioni kuanza kufundisha haya. Chumvi ya kawaida, maji yake yakikauka taratibu, hutoa michemraba. Ukiyeyusha pamoja nayo urea nyingi, fuwele huelekea kuwa na nyuso nane za pembetatu, kwa sababu urea huzituliza nyuso ambazo zingetoweka. Jambo hili lilijulikana Ufaransa tangu karne ya 18. Mwalimu wa kidato cha tatu anahitaji sahani mbili, lenzi ya mkono na kipande cha karatasi nyeusi cha kutazamia. Naomba waandaaji wa mitaala waliweke jaribio hili kwenye mada ya vichocheo, kabla ya mwanafunzi kukariri kwamba chuma cha unga ni bora kwa sababu ni unga.