Vyombo vya Wageni

Mimi ni mpiga solo. Nina mikono miwili na magitaa matatu, na kama hesabu zako ziko sawa utaona kwamba bado napungukiwa.

La kwanza ndilo linalotulisha. Umbo lake ni la ile Stratocaster ambayo kampuni ya Fender waliitoa mwaka 1954, ila hili langu limezaliwa China, na jina la kichwani lilishafutika, imebaki herufi moja nayo imelala upande. Joto la Dar linakula nyuzi kabla hujazizoea, lakini gitaa lenyewe halijawahi kuniangusha. Hapo ndipo kero ilipo. Lingekuwa linaharibika, si ningekuwa na sababu?

La pili nililinunua kwa kuwa ni jekundu. La tatu tuliache, lina kesi nyumbani.

Mwezi uliopita ugonjwa huu wa kununua vyombo ukashuka miguuni. Niliingia duka moja Kariakoo kutafuta uzi namba moja, huo tu, nitoke. Kijana wa dukani akaniambia, "Kaka, jaribu hiki, kujaribu bure." Kipedali cha eko, cha bluu, ukubwa wa kipande cha sabuni. Nikapiga noti moja. Ikarudi mara nne, kila moja mbali kidogo kuliko iliyotangulia, kama adhana za misikiti ya mitaa minne. Jamani! Sebene langu la miaka 22 nikaliona maji ya kunawa. Nikahesabu 180,000 na mkono hautetemeki. Uzi niliusahau hukohuko.

Nyumbani nikakizika kwenye ndoo ya mchele. Akili ya mwizi wa mara ya kwanza hiyo, maana kwetu mchele unapikwa kila siku.

"Baba Zuhura, hiki nini?"

"Chombo cha kazi."

"Kazi ile iliyokuletea 15,000 Jumamosi?"

"Mama Zuhura, mwanamuziki bila vyombo..."

"Vyombo, vyombo! Mtu akipita dirishani akakusikia atadhani humu ndani tuna sahani."

Mpiga besi wetu, mzee ambaye besi yake inaning'inia kwa mkanda wa kiti cha gari, naye akaniweka kikao. Akasema Franco mwenyewe, yule bingwa wa gitaa wa Kongo, utotoni alijitengenezea gitaa la kopo. Nikamjibu, "Sawa mzee wangu, mbona hakuzeeka nalo?" Akaendelea kuzungushia waya wake selotepu, kimya.

Jumamosi iliyofuata tukapata harusi. Nimekanyaga kipedali changu, nimefumba macho, noti zinaondoka na kurudi. Sasa kitu hiki kinakula betri la volti 9, lile la mraba, na kumbe nililopewa ndilo walilojaribia wateja wote wa mji huu. Katikati ya sebene sauti ikaanza kukoroma, ikakata. Mpiga rithimu akanishikia wimbo huku ananitazama vibaya. Nikachomoa waya, nikauchomeka moja kwa moja kwenye ampulifaya, nikaendelea kikavu kama zamani. Mama mmoja wa sare ya njano akaja anacheza, akanibandika 5,000 kwenye paji la uso, akaniinamia sikioni: "Sasa ndiyo unapiga, baba. Mwanzo nilidhani spika mbovu."

Narudi alfajiri, namkuta mwenzangu macho, amekaa sakafuni na boksi. Hotpoti mpya, tatu, za maua.

"Na zile mbili za kabatini?"

"Zile za wageni."

"Na hizi?"

"Za wageni wakubwa."

Miaka 9 ya ndoa, hotpoti zile mbili hazijawahi kuonja wali. Nikafungua mdomo niseme, nikaikumbuka ndoo ya mchele, nikaufunga. Nikamsaidia kuzipanga. Yeye naye bila neno akakichukua kipedali changu, akakifuta vumbi kwa ncha ya khanga, akakisimamisha juu ya kitambaa cha kufuma, kati ya hotpoti na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu.

Juzi shemeji yangu alikuja kutusalimia. Tukamwandalia kwa sahani zilezile za plastiki. Wakati anakula, macho hayabanduki kabatini.

"Dada, kile cha bluu ndicho cha kupimia presha?"

"Usikiguse," mke wangu akamwambia. "Hicho cha wageni."